Mmepiga Picha Choo Mlango Ukiwa Umefungwa

Juzi nilikaa na rundo la fomu zenu za tathmini kutoka kile chuo cha ustawi wa jamii mlichokwenda kukikagua, na chai yangu, na miwani ya kusomea. Picha namba 14: vyoo vya wasichana. Imepigwa nje. Mlango umefungwa, ukuta umepakwa chokaa jana yake, pembeni kuna ua limepandwa haraka haraka hadi limeinama. Chini mmeandika: "Vyoo vipo na viko katika hali nzuri." Wanangu, mmejuaje?

Sikukasirika sana, maana hilo kosa nililifanya mimi kabla nyie hamjajua kusoma. Kilichonichosha ni kwamba mmeingia wapya wanne, na wote wanne mmerudia yale yale kwa mpangilio ule ule, kama vile mmerithishana. Basi nayaandika. Hadidu za rejea mnazijua, dodoso mnazijua, sitazirudia.

1. Majengo. Choo kinafunguliwa. Unaangalia komeo kwa ndani, maji, na pipa la taka za wasichana, kwa sababu vyuo hivi ndivyo vile ambavyo wavulana wa darasa zima unawahesabu kwa vidole. Bomba unalifungua mwenyewe, na unalifungua siku ya pili. Siku ya kwanza tanki limejazwa kwa heshima yako. Bweni nenda jioni, si saa nne asubuhi vitanda vikiwa vimetandikwa. Maktaba usihesabu vitabu. Funua jalada la nyuma uone karatasi ya kuazima. Kama muhuri wa mwisho ni wa miaka sita iliyopita, hicho ni pambo la ukutani. Mahali fulani niliomba kuona nakala ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nikaletewa ikiwa bado ndani ya nailoni, na mkutubi akanisihi nisiichafue.

2. Ufundishaji. Azimio la kazi na andalio la somo mtaonyeshwa, tena mengine wino haujakauka. Pokea, shukuru, halafu omba daftari la mwanafunzi anayekaa nyuma kabisa. Mtaala chini ya NACTVET, lile baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, ni wa umahiri, yaani mwanafunzi wa ngazi ya 5 anatakiwa aweze kufanya kazi yenyewe, kwa hiyo kaa darasani uone kama kuna igizo dhima hata moja au ni watu wananakili "sifa kumi za mshauri nasaha mzuri". Logibuku za fildi, yale madaftari ya kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo, zisomeni kama mpelelezi. Nimewahi kushika moja: wiki nane, wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna hata doa la tope, na fildi yenyewe ilikuwa Kibosho mwezi wa nne, masika yamechachamaa. Muulize mwanafunzi mwalimu alimtembelea mara ngapi, kisha muulize mwalimu nauli alilipa nani. Jibu la pili ndilo linaloeleza la kwanza.

3. Ratiba. Msiende kwenye kaya siku ya soko. Akina mama wote wako sokoni na mtahoji kuku. Na nani aliyepanga dodoso la kijiji wiki ya Krismasi, huku uchagani? Hiyo ni wiki ya watu kurudi kuhesabiwa. Mtamkuta meneja wa Dar es Salaam amekaa chini ya mgomba na nyama choma, atawajibu maswali yote kuhusu huduma za kijijini kwa kujiamini, na hajalala hapo tangu Desemba iliyopita. Mkalimani nanyi mchagueni kwa makini. Kichaga si kimoja. Binti wa Rombo ukimpeleka Machame kwa bibi wa miaka themanini, wote wawili watatabasamu na wewe utaandika unachotaka.

4. Huduma za chuo kwa jamii. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Nilikuwa na umri wenu, na kiburi chenu pia. Chuo kilikuwa kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kijiji sikitaji, na mkimaliza kusoma mtajua kwa nini. Majengo hoi: bati linavuja, darasa moja limegawanywa kwa pazia. Somo la maadili ya kazi alifundisha mzee mmoja kwa chaki na kelele, hana kitini, hana chochote. Nikampa 2 kati ya 5, na pembeni nikaandika, nakumbuka hadi leo, "Mbinu zimepitwa na wakati."

Ila huduma kwa jamii zilinivutia. Kila mwanafunzi alikuwa na kaya tatu, anazitembelea kila Ijumaa. Nikapelekwa kwa bibi mmoja aliyekuwa analea wajukuu watatu kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha marehemu mume wake. Akanipa kigoda, yeye akakalia debe. Akanipakulia mtori, akanieleza yote: nani alikufa lini, mjukuu yupi anatumia dawa za kufubaza virusi, na kwamba nje ya nyumba ile anayejua ni mtu mmoja tu, yule mwanafunzi wa Ijumaa. Nikamwuliza, "Bibi, naweza kupiga picha ya nyumba?" Akasema, "Piga, mwanangu, nyumba si hiyo." Nikaihesabu kuwa ridhaa. Nikatia tiki.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na mkutano wa mrejesho, ofisi ya kijiji. Mwenyekiti, mtendaji, walimu, wanafunzi, na wanakijiji kama sitini wanaosubiri soda. Projekta nilipanda nayo mwenyewe kutoka mjini nimeipakata kama mtoto. Slaidi ya tisa: "Mfano wa mafanikio: Bibi S." Jina nilikuwa nimelificha, si mnaona nilivyokuwa makini? Herufi moja tu. Chini ya hiyo herufi, picha ya nyumba yenye mlango wa bluu, na maelezo kwamba mjukuu mmoja yuko kwenye dawa na anafuatiliwa kila wiki.

Kijiji kizima kilikuwa na mlango mmoja wa bluu.

Mimi naendelea kusoma. Naona vichwa vinageuka, nadhani wamependa. Bibi mwenyewe alikuwa benchi la tatu, amevaa kitenge cha kanisani kwa sababu nilimwalika mimi. Alichukua ncha ya kitambaa chake cha kichwani akajifunika mdomo, akawa anatazama sakafu. Mtu huko nyuma akasema neno kwa Kichaga, wawili wakacheka, kisha kimya. Halafu ukuta ukawa mtupu. Binti wa mwaka wa pili, yule yule wa Ijumaa, alikuwa amechomoa ekstensheni. Alisimama na waya mkononi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Samahanini wazazi, umeme umekatika. Tugawe soda."

Taa ya darini ilikuwa inawaka. Hakuna aliyesema kitu, wala mwenyekiti.

Jioni nilimwuliza yule binti alijifunza wapi kufanya vile. Akanitajia somo, na mwalimu. Ndiyo, yule mzee wa chaki na kelele. Usiku huo nilifuta ile 2 nikaandika 5, na kwenye fomu hapakuwa na kisanduku cha kueleza sababu.

Mjukuu hakwenda shule wiki mbili. Dawa wakahamia kuchukua mjini Moshi, nauli ya kwenda na kurudi kila mara kwa sababu ya slaidi yangu. Nikarudi kuomba radhi, na hata hilo nilikosea. Nilikwenda na gari la ofisi lenye nembo ubavuni, nikaegesha langoni kwake, nikashuka na kilo tano za sukari na miche miwili ya sabuni. Bibi alikuwa anamkatia ng'ombe migomba. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuliweka panga chini. "Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Sukari nitaipokea. Ila hilo gari liondoe, sasa hivi majirani watakuja kuuliza limefuata nini."

Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nyie mnaikariri vizuri kuliko mimi. Lakini kwenye fomu zenu, ukurasa wa pili, nimekuta "mama mwenye mapacha, jirani na kisima". Kijiji kile kina mapacha wangapi? Na visima vingapi? Nimeifuta kwa kalamu nyeusi pande zote mbili za karatasi.

5. Msihoji wanufaika mbele ya mkuu wa chuo. Mmoja wenu alimwuliza bibi "Je, unaridhika?" huku mkuu wa chuo akiwa ameshika mwavuli juu ya kichwa cha huyo bibi.

6. Wanafunzi waulizeni swali moja: mtoto akikuambia Ijumaa jioni kwamba anapigwa nyumbani, unafanya nini kabla hakujakucha? Anayetaja afisa ustawi, dawati la jinsia na watoto la polisi na namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto bila kuangalia daftari, mpeni alama zake. Anayesema "nitaandika ripoti" mrudisheni darasani, kwa upole.

7. Orodha ya mahudhurio inathibitisha kwamba soda ziligawiwa. Haithibitishi kingine.

8. Fomu ijazeni hapo hapo, si hotelini usiku.

Jumatatu tunapanda tena. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, stendi, gambuti miguuni, maana juu huko mvua imeanza. Gari la nembo linabaki ofisini, tunapanda hiace. Na aliyepiga picha namba 14 ndiye ataanza kushuka: aende vyooni moja kwa moja, afungue mlango, anitumie nyingine.