Shangazi, majibu ya damu nimeyaficha kwenye droo ya cherehani

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, nina miaka 34, mtoto mmoja, na tunatafuta wa pili. Huu ni mwezi wa tatu sasa, nikiamka vidole vya mikono yote miwili vimekaza. Chupa ya chai siwezi kuifungua mpaka saa nzima ipite. Nilipima damu, RF ikaja 38 na pembeni wameandika isizidi 20. Daktari akasema "huenda ni baridi yabisi", akanipa rufaa, na tarehe yangu ni baada ya wiki tatu. Bibi yangu alikufa mikono imejikunja. Mume wangu sijamwambia, asije akaogopa bure; karatasi iko kwenye droo ya cherehani. Mama mkwe anasema ni feni na maji ya alfajiri, kaniletea dawa ya unga ya mzee mmoja. Nimeinywa siku mbili, maumivu yamekata kabisa. Niendelee nayo? Usiku silali. — Mwenye Sindano*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na huo unga, maana umenishtua kuliko hiyo 38. Unga usio na jina unaokata maumivu ya viungo kwa siku mbili unanitia shaka. Si mara moja wala mbili dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa na prednisoloni, dawa kali ya kushusha uvimbe, au diklofenaki ya kutuliza maumivu, iliyosagwa. Mama yangu mdogo aliunywa unga wa aina hiyo karibu mwaka mzima. Mashavu yakajaa, uso ukawa mviringo, majirani wakasema amenawiri, na sisi tukafurahi naye. Kumbe sukari inapanda. Siku unga ulipokwisha hakuweza kuinuka kitandani, kwa sababu mwili uliotegemea prednisoloni muda mrefu unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake yenyewe inayofanana nayo. Wewe ni siku mbili tu, acha leo. Usiutupe, lakini. Ufunge kwenye karatasi uende nao hospitali, umwambie daktari uliunywa lini na kiasi gani. Ukiendelea nao, utafika mbele yake mikono imenywea, na atakosa cha kuona.

Sasa hiyo 38. RF ni kingamwili inayopatikana kwa wagonjwa wengi wa baridi yabisi, lakini si kwao peke yao. Homa ya ini na kifua kikuu vinaweza kuipandisha, na hata kati ya watu wazima wasioumwa chochote, kama 5 katika 100 wanayo. Upande wa pili, wapo wenye ugonjwa wenyewe ambao damu yao haionyeshi kitu. Madaktari wana utaratibu wa alama uliotolewa mwaka 2010: anatafutwa mtu anayefikisha 6 kati ya 10. RF iliyopanda kidogo kama yako ina alama 2. Hata damu ingekuja mbaya kwa kila kipimo, ingeishia alama 4. Zinazobaki zinatoka kwenye viungo vyenyewe, vingapi vinauma au vimevimba, na kwa muda gani. Kwa hiyo yule daktari aliposema "huenda" hakuwa anakuficha. Karatasi peke yake haiwezi kusema zaidi ya hapo.

Ila sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mikono yote miwili, asubuhi, saa nzima, miezi mitatu: hayo yananifanya nikwambie hiyo tarehe usiikose hata kama siku hiyo umeamka vidole vyepesi. Uliza pia kuhusu kipimo cha anti-CCP, kinautambua ugonjwa huu kwa uhakika zaidi kuliko RF.

Mama mkwe usigombane naye. Jina lenyewe ndilo linalotuponza. Tumeuita ugonjwa "baridi", basi kila mtu anatafuta sakafu ya saruji na feni ya kulaumu. Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili inaugeukia utando wa ndani ya maungio kana kwamba ni adui. Maji ya alfajiri yanaweza kukuzidishia ukakamavu, kwa hiyo yachemshe kidogo, utamfurahisha na yeye, lakini hayakukuletea ugonjwa.

Kuhusu bibi yako. Methotreksati, dawa ambayo leo ndiyo kawaida kuanza nayo, Marekani waliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 1988. Bibi yako pengine alipewa ya kutuliza maumivu tu, huku maungio yakiliwa taratibu. Dawa za sasa zinauzuia ugonjwa wenyewe, na zikianza katika miezi ya mwanzo ndipo zinapofaa zaidi, kwa sababu kiungo kikishaliwa hakirudi. Ndiyo maana nakusukuma uwahi.

Na hapa kuna jambo ambalo kwenye barua umelipitia mbio: mtoto wa pili. Methotreksati haitumiki kabisa kwa mjamzito, wala kwa anayetafuta mimba. Zipo nyingine zinazoruhusiwa, kama haidroksiklorokwini na salfasalazini, lakini daktari hawezi kukuchagulia asilolijua. Mwambie mapema, kabla hajashika kalamu. Na endapo siku moja utaandikiwa methotreksati, hunywewa mara moja kwa wiki. Kwa wiki, mwanangu, si kwa siku. Wapo waliokosea hapo wakapoteza maisha.

Wiki tatu hizi, chukua lile daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Kila asubuhi andika umeamka saa ngapi na ngumi imekubali kufumba saa ngapi. Vidole vikivimba, vipige picha kwa simu, maana uvimbe una tabia ya kutoweka siku ya kliniki. Vifungo na matundu yake mpe binti wa jirani, wewe baki na kukata na cherehani. Lakini kiungo kimoja kikivimba ghafla, chekundu, cha moto, na homa juu, usingoje tarehe. Nenda siku hiyohiyo.

Mumeo. Umeandika humwambii ili "asije akaogopa bure". Ila hilo la mtoto mnatakiwa kuliamua wawili, na huwezi kuliamua naye huku karatasi iko chini ya mabobini. Isitoshe, mtu anayelala ubavuni mwako keshaona unavyoishika kanga kwa viganja badala ya vidole. Anangoja useme. Kesho asubuhi, kabla mtoto hajaamka, mpe hiyo chupa ya chai akufungulie, halafu mpe karatasi.