Maswali ya wasomaji: Dada wa kazi anafika Jumamosi, nianzie wapi?

*Likizo yangu ya uzazi inakwisha baada ya wiki tatu. Dalali amenipatia binti kutoka Singida, anataka nauli na pesa yake ya kutafuta. Mtoto ana miezi miwili, ananyonya. Niandae nini?* – Mama wa Tabata, Dar es Salaam

Mlete mapema, wiki mbili kabla hujarudi kazini, na siku hizo umlipe kama siku nyingine yoyote. Dada akipokelewa Jumamosi na Jumatatu akaachiwa mtoto mchanga, hajui hata swichi ya jiko iko wapi.

Kabla ya kutuma nauli, zungumza kwa simu na binti mwenyewe, halafu na mzazi wake. Mweleze mko wangapi, atalala wapi, kazi inaanza saa ngapi, mshahara ni kiasi gani. Dalali akimwahidi zaidi ya ulichotaja, utamkosa mwezi wa kwanza tu. Omba kitambulisho cha NIDA. Kama hana, cheti cha kuzaliwa au barua ya serikali ya kijiji. Sheria yetu inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini mtoto hafai kuachiwa mtoto mchanga peke yake. Chukua aliyefikisha 18. Nauli na pesa ya dalali ni gharama zako, usizikate kwenye mshahara.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka umpe maelezo ya kazi kwa maandishi, na kama hayaelewi, umfafanulie mpaka aelewe. Ukurasa mmoja unatosha: kazi zake, saa, mshahara, tarehe ya malipo, likizo. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, na kila wiki apate saa 24 mfululizo za kupumzika. Ukimwamsha saa nane usiku ambebe mtoto, hiyo nayo ni kazi.

Maziwa uliyokamua yaandike tarehe na uyaweke kwenye friji mara moja, maana joto la Dar halisubiri. Yatumike ndani ya siku 4. Yapashwe kwa kuweka chupa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, si kwenye moto. Yanayobaki baada ya mtoto kunywa yamwagwe saa mbili zikipita. Mtoto alazwe chali. Asipewe maji wala uji kabla ya miezi 6, hata bibi akipiga simu kushauri. Hilo mwambie dada na bibi pia.

*Dada amevunja blenda ya Sh 85,000. Mshahara wake namtunzia mimi hadi Desemba, tulikubaliana na mama yake. Naweza kukata humo?* – Mwanza

Kwanza blenda. Unaweza kukata ikiwa tu kosa ni lake na limetokea akiwa kazini. Umpe maandishi yenye sababu, kiasi na hesabu, kisha umpe nafasi ya kupinga. Usidai zaidi ya hasara halisi: blenda ya miaka mitatu haina tena bei ya dukani, na mota iliyoungua kwa uchakavu si deni la mtu. Makato yasizidi robo ya mshahara. Anayelipwa Sh 120,000 hukatwa si zaidi ya 30,000 kwa mwezi.

Kumtunzia mshahara, tunakusihi uache. Pesa ile ni yake, si ya mama yake. Mwezi wa tano inaingia kwenye ada, wa nane kwenye kodi ya nyumba, na Desemba haipo, wala hakuna daftari la kuonyesha nani anamdai nani. Tena binti anayeteswa hawezi kuondoka, kwa sababu jasho lake la miezi yote liko mikononi mwako. Piga hesabu leo, mwezi kwa mwezi, umkabidhi chote. Kuanzia sasa lipa kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lake, na muwe na daftari lenye tarehe, kiasi na saini zenu wote wawili. Akitaka kuweka akiba, msindikize benki afungue akaunti yake mwenyewe.

*Anaenda kwao mwisho wa mwaka. Nimshikie nusu ya mshahara ili arudi?* – Morogoro

Hapana. Mwenye nia ya kuondoka huiacha hiyo nusu, na anayetaka kubaki unamkasirisha bure. Akifikisha mwaka ana likizo ya siku 28 yenye malipo, na malipo hayo apewe kabla hajapanda basi. Muulize mwezi mmoja kabla kama atarudi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, taarifa ya kuacha au kuachishwa kazi ni siku 28 kwa pande zote mbili, hivyo akisema harudi, muda wa kutafuta mwingine unao.