Usiisugue Sarafu Uliyoifukua

Juzi msomaji mmoja alinitumia picha ya sarafu aliyoifukua, ina maandishi ya kigeni na inang'aa kama kioo. "Nimeisugua vizuri, sasa ina thamani gani?" Moyo ulinishuka. Kosa hilo nalijua.

Mimi niliitenda hivyohivyo reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria. Detekta, kifaa changu cha kutafutia madini ardhini, ililia mlio wa juu, safi, usiokatika. Nikachimba kama shubiri moja, nikaona ukingo mpana wa fedha. Niliposoma 1780 nilipiga kelele peke yangu pale shambani! Nyumbani nikachukua stilwaya ya kusugulia sufuria, nikasugua mpaka uso wa malkia ukametameta, kisha nikaanza kumtangazia kila mtu kwamba nina sarafu ya karne ya 18.

Mzee mmoja anayezijua sarafu aliishika dakika moja tu. Akaniambia reale hizo ziliendelea kupigwa chapa kwa miaka mingi baada ya hapo, Vienna, Roma, London, Paris, hata Bombay, na zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia. Kinachozitofautisha ni vitu vidogo: lulu za bruchi, yaani pini ya pambo, iliyo begani kwa malkia, na manyoya ya mkia wa tai aliye upande wa pili. Vitu hivyohivyo ndivyo nilivyovifuta kwa stilwaya. Akanirudishia bila kuongeza neno. Kila nikifungua kabati, bado inaniuma.

Ndugu yangu, sarafu ikitoka ardhini iloweke kwenye maji safi, udongo ulainike wenyewe, kisha iache ikauke. Usisugue, hata kwa kitambaa, maana chembe za mchanga zinakwaruza. Narudia: usisugue.

Na andika mahali ulipoipata. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, akaziweka kwenye kopo. Zilipochunguzwa mwaka 1979 ikaonekana nne ni za Kiholanzi na tano ni za Kilwa. Kilwa! Watafiti wanaumiza vichwa mpaka leo zilifikaje kule, na wana pa kuanzia kwa sababu yule askari aliweka alama ya X kwenye ramani. Sarafu ngeni isiyo na mahali ni kipande cha madini tu.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, ulichokisugua hakirudi. Lakini shimo bado unalikumbuka. Chukua kalamu leo hii, andika ni wapi, kina gani, na nini kingine kilikuwa humo, kisha nitumie.