Hesabu Vichwa Kabla ya Division One
Wasomaji wanauliza kuhusu sekondari binafsi za mchujo Dar es Salaam

Swali: Habari za kazi. Binti yangu yuko darasa la saba, wa pili au wa tatu kila muhula. Kila nikipita barabarani naona bango la shule: "Asilimia 100 Division One." Zamani tulikuwa tunangoja orodha ya kumi bora, sasa haipo. Nitajuaje shule ipi inafundisha kweli na ipi ina bango zuri tu?
*Mama wa Mbagala*

Jibu: Mama, orodha ya kumi bora NECTA (Baraza la Mitihani) iliacha kuitangaza Januari 2023, yalipotoka matokeo ya kidato cha nne ya 2022. Matokeo ya kila shule bado yapo wazi kwenye tovuti yao, na ukikaa nayo nusu saa yatakueleza mengi kuliko ile orodha ilivyowahi kukueleza.

Anza na hilo neno Division One. Pointi zinahesabiwa kwenye masomo saba aliyofanya vizuri zaidi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Division One inaanzia pointi 7 na kuishia 17. Mwenye A saba ana pointi 7. Mwenye B nne na C tatu ana 17. Wote wawili wanakaa kwenye bango moja, lakini wakati wa kuchagua tahasusi (mchanganyiko wa masomo) ya kidato cha tano hawako kundi moja hata kidogo. Kwa hiyo fungua ukurasa wa shule, pita safu ya pointi, uhesabu wangapi wako 7 hadi 10 na wangapi wamejazana 15 hadi 17.

Kisha shuka chini ya ukurasa, kwenye jedwali la masomo. Tazama Hisabati kwanza, maana ndipo wengi huangukia. Halafu linganisha idadi ya waliofanya Fizikia na idadi ya watahiniwa wote. Watahiniwa 80 na wa Fizikia 30 maana yake wengi waliiacha baada ya kidato cha pili. Si kosa, shule nyingine ina wanafunzi wengi wa biashara au sanaa. Ila kama binti anataka udaktari, uliza nani huamua mtoto aache sayansi: yeye, mzazi, au mwalimu wa taaluma aliyeogopa wastani wa shule kushuka.

Sasa kubwa zaidi. Fungua matokeo ya Upimaji wa Kidato cha Pili ya mwaka fulani, uhesabu waliofanya. Fungua ya kidato cha nne ya shule hiyohiyo miaka miwili baadaye. Tuseme 2022 walifanya kidato cha pili 118, na 2024 wamefanya kidato cha nne 83. Wale 35 wako wapi? Watano au sita katika mia kuondoka ni kawaida: mzazi kahamishwa kikazi, ada imeshinda, ugonjwa. Karibu 30 katika kila mia ni mchujo. Shule ya namna hiyo ilichagua wazuri mlangoni, ikachagua tena njiani, ndipo ikatengeneza bango. Na huenda waliotoka ni zaidi ya 35, kwa sababu kidato cha tatu baadhi ya shule hupokea wahamiaji wenye A, wakaziba mapengo.

Fanya zoezi hilo kwa miaka mitatu mfululizo, mwaka mmoja unaweza kudanganya. Uliza pia kama mwenye shule ana shule nyingine yenye jina tofauti. Wapo wanaowasogeza huko walioonekana wazito, na namba ya kituo cha mtihani (ile inayoanza na S) ikawa nyingine kabisa.

Serikali imekwisha kukemea shule zinazofukuza au kukaririsha watoto kwa wastani wa ndani. Lakini kifungu hicho mara nyingi kimejificha kwenye fomu ambayo mzazi anaisaini kwa furaha siku mtoto alipochaguliwa. Soma fomu yote. Ukikuta "mwanafunzi asiyefikisha wastani wa shule atatafutiwa shule nyingine," uliza wastani wenyewe ni ngapi, nani huuweka, na kama unaweza kupandishwa katikati ya mwaka. Wakikuzungusha kwenye hilo, hapo usisaini.

Shule inayochukua mtoto wa kawaida ikamtoa na B, idadi ya waliobaki ikiwa ileile, ndiyo yenye walimu. Nyingi ya hizo hazina bango.

Swali: Mwanangu anasoma shule ya msingi ya serikali, kwa Kiswahili. Hisabati anapata 90 na kitu. Alienda kufanya usaili wa shule moja kubwa, akapata 38. Nimeshangaa. Tumebakiza usaili mwingine baada ya wiki kumi.
*Baba, Gongo la Mboto*

Jibu: Pole, ndugu yetu, lakini usimkatie tamaa kijana. Hapo huwa kuna vitu viwili.

Cha kwanza ni lugha ndani ya hesabu. Anajua kutoa, hajui kwamba "how many more" inamtaka atoe. Akiona neno "more" anajumlisha. Anajua kugawa, lakini "share equally" na "remainder" hajawahi kukutana nayo. Mchukulie maneno ya hesabu ya Kiingereza kama 120 hivi, hayazidi sana hapo, agawiwe manne kwa siku, siku tano za wiki, kwa wiki sita. Asikariri tafsiri peke yake. Kila neno alitungie swali lake mwenyewe na kulijibu. Akitunga vibaya, utaona palepale ni wapi hajaelewa.

Cha pili ni namna ya kujibu. Mtihani wa darasa la saba sehemu kubwa ni kuchagua jibu na kusiliba, mtoto anazoea kukokotoa pembeni kisha anatupa karatasi. Kwenye usaili wanataka njia. Jibu sahihi bila njia laweza kupewa alama moja kati ya nne. Mpe maswali matano kwa siku, kila hatua kwenye mstari wake, alama ya "sawa na" ipangike wima. Saa ikae mezani: dakika tano kwa swali, akikwama aruke.

Mada zinazorudi mara kwa mara ni sehemu, asilimia, uwiano, eneo na mzingo, aljebra ndogo ya kutafuta namba moja, na mafumbo ya maneno. Kwa Kiingereza: ufahamu wa kifungu kifupi, nyakati za vitenzi, na insha ya mistari kumi na tano. Insha nyingi zinaharibika kwa sababu mtoto amekariri "Myself" na kuimwaga hata pale alipoulizwa kuhusu sokoni.

Masomo ya pre-form one (ya kujiandaa na kidato cha kwanza) yanasaidia lugha, lakini mengi huanza baada ya mtihani wa Septemba, wakati usaili wa shule zenye ushindani unaweza kuwa umeanza tangu Agosti. Usiyangoje.

Swali: Ada imeandikwa 3,600,000, tunaimudu kwa kubana. Jirani anasema jiandae kwa zaidi. Zaidi kiasi gani?
*Wazazi, Kinyerezi*

Jibu: Jirani kasema kweli. Tukadirie kwa mfano: ada 3,600,000, basi 900,000, sare na viatu 300,000, mitihani ya majaribio na kambi ya masomo 250,000, maabara 100,000. Jumla 5,150,000. Kinachoumiza zaidi ni Januari. Awamu ya kwanza ya ada 900,000, nusu ya basi 450,000, sare 300,000 na maabara 100,000 vinadaiwa kwa mkupuo: 1,750,000 kabla mtoto hajakaa darasani.

Ombeni orodha ya malipo ya kidato cha kwanza na ya kidato cha nne, zote mbili kwa maandishi. Ya kidato cha nne huwa na mahafali, kambi, na michango ambayo hakuna anayeitaja mwanzoni. Ulizeni ada ilipanda mara ngapi ndani ya miaka minne iliyopita. Na fedha ziingie kwenye akaunti ya benki yenye jina la shule. Ukipewa namba ya simu ya mtu "ili fomu isogee," sogea wewe.

Swali: Tunaishi Chanika, shule tuliyoipenda iko Tegeta. Bweni au basi?
*Mama wa watatu*

Jibu: Dada, panda hilo basi mwenyewe, Jumanne, si Jumamosi. Kutoka Chanika mwanao atakuwa wa kwanza kupakiwa na wa mwisho kushushwa. Aamke saa 10 alfajiri, arudi saa 12:30 jioni, aoge, ale, afanye kazi za shule kwa saa mbili, alale saa 4 usiku. Hapo analala kwa muda wa saa sita tu, siku tano kwa wiki, kwa miaka minne. Njia ikizidi saa moja na robo kwa upande mmoja, sisi tungesema bweni, au shule ya karibu yenye matokeo ya chini kidogo. Mtoto anayesinzia kipindi cha kwanza na cha pili hafaidi walimu wazuri.

Ukichagua bweni, kwenye matembezi usimalizie ofisini kwa mkuu wa shule. Fungua bomba. Ingia chooni. Uliza matroni mmoja ana wasichana wangapi, nani analala karibu nao usiku, na mtoto akipata homa saa 8 usiku anapelekwa wapi na kwa gari gani.

Swali: Amechaguliwa shule mbili binafsi, zote zinataka malipo kabla ya matokeo ya darasa la saba. Na ikitokea serikali ikampangia shule ya vipaji?
*Baba, Ubungo*

Jibu: Hilo ni jambo la kuomba, baba. Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato na Tabora (wavulana na wasichana) ni za bweni, hazina ada, na ushindani wake haupungui wa shule binafsi kama Feza wala Marian. Lipa shule moja tu, kiasi cha chini wanachokubali ili kushika nafasi, baada ya kuuliza kwa maandishi kama kinarudishwa akipata ya serikali. Nyingi hawarudishi, hivyo ihesabu kama fedha iliyokwenda. Chochote utakachoamua, hakikisha namba yake ya PREM (inayomtambulisha mwanafunzi kwenye mfumo wa NECTA) imehamishiwa shule anakokwenda. Isipohamishwa, tatizo halionekani hadi siku ya kuandikishwa mtihani wa kidato cha pili.

Swali: Wangu atamaliza 2027. Nasikia mwaka huo kuna msongamano?
*Mzazi, Kigamboni*

Jibu: Upo. Walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamalizia darasa la sita, na wale waliowatangulia wanamalizia la saba, wote 2027. Kidato cha kwanza cha Januari 2028 kitapokea makundi mawili kwa pamoja. Ziulize shule mapema zitaongeza mikondo mingapi na walimu wangapi. Ikijibu mikondo miwili zaidi na walimu walewale, tafuta nyingine. Fomu chukua za shule tatu, mojawapo iwe ya karibu na nyumbani.