Waambieni kwanza kile kitakachoondolewa

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi na teknolojia

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msimamizi wa bidhaa katika kampuni ndogo ya Dar es Salaam inayotoa API ya malipo, yaani njia ya programu nyingine kuunganishwa na mfumo wetu. Wateja wetu ni wasanidi programu wanaounganisha maduka, shule na vyama vya akiba na mikopo na mfumo wetu. Mwanzoni mwa mwaka tuliwatangazia mpango wa miezi 12 wenye tarehe kwa kila kipengele. Vipengele vitatu vimechelewa, na sasa kila kikao na wateja kinageuka kuwa cha malalamiko. Mkurugenzi wetu anataka tuache kabisa kutangaza mipango, tuwe tunatangaza kitu kikishakamilika tu. Wakati huohuo tunakusudia kulifunga toleo la kwanza la API, ambalo wateja wengi bado wanalitumia. Je, kunyamaza ndiyo busara?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Ninaelewa kilichomfikisha mkurugenzi wako hapo, kwa kuwa tarehe ikishaandikwa huwa deni, lakini ukimya utawaumiza wateja wenu kuliko ucheleweshaji ulivyowaumiza. Mtumiaji wa kawaida akikuta kitufe kimehamishwa atanung'unika, kisha atazoea. Msanidi programu amejenga kitu chake juu ya kazi yenu, amekiuza kwa watu wengine, na siku mtakapobadilisha jibu la API bila taarifa, simu itakayoita usiku wa manane ni yake. Kwake mpango wenu ni sehemu ya bidhaa aliyoilipia: anautumia kupanga wafanyakazi, kumtajia mteja wake bei, na kuamua kama aandike mwenyewe kipengele fulani au awasubiri ninyi.

Kwa jinsi ulivyoueleza, mpango wenu ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba kila kitu kilipewa uzito mmoja, kana kwamba kipengele kilichokwisha kuandikwa na wazo lililozungumzwa mara moja kikaoni vina hakika ileile. Ya pili, ambayo naiona kubwa zaidi, ni kwamba mliorodhesha yatakayokuja na mkanyamaza kuhusu yatakayoondoka. Mtu aliyepanga chumba haanzi kwa kumuuliza mwenye nyumba ataongeza ghorofa ngapi. Huuliza kama ukuta wa chumba chake utabomolewa, na lini.

Tazameni tofauti ya namna mbili za kuondoa kitu. Mwishoni mwa Januari 2016, Facebook ilitangaza kwamba ingeifunga Parse, huduma iliyoinunua mwaka 2013 na ambayo wasanidi wa programu za simu waliitumia kuhifadhi data zao. Habari ilikuwa mbaya kwao, wala hakuna maneno ambayo yangeifanya kuwa njema. Lakini taarifa ilikuja na muda wa mwaka mzima, na zana ya kuhamisha data, na seva ya chanzo huria ambayo mtu angeweza kuiendesha mwenyewe. Miaka saba baadaye, tarehe 2 Februari 2023, Twitter ilitangaza kwamba matumizi ya bure ya API yake yangekoma tarehe 9 mwezi huohuo, bila kueleza kikamilifu bei mpya wala viwango vyake. Tarehe hiyo ikaahirishwa, na viwango vipya vikatangazwa mwishoni mwa Machi. Kampuni zote mbili zilikuwa na haki ya kubadilisha huduma zao. Ya kwanza iliwapa wateja wake nafasi ya kufanya kazi yao. Ya pili iliwaacha wakikisia, na msanidi anayekisia huanza kutafuta pengine pa kwenda.

Kwa hiyo kabla hamjaandika tangazo lolote la kufunga toleo la kwanza, andikeni kanuni ya kudumu ya namna mnavyoondoa vitu, muiweke ndani ya nyaraka zenu mahali ambapo mteja ataisoma kabla hajajiunga. Mfano ulio wazi ni wa mradi wa Kubernetes, mfumo wa chanzo huria wa kusimamia programu zinazoendeshwa kwenye seva nyingi. Kanuni yao inasema kwamba API iliyothibitishwa kuwa imara inaweza kutangazwa kuwa imepitwa na wakati, lakini haiondolewi ndani ya toleo kuu lilelile la mfumo. Iliyo katika hatua ya beta, yaani ya majaribio, ikishatangazwa kuwa itaondolewa hupewa miezi tisa au matoleo matatu, kutegemea upi ni muda mrefu zaidi. Iliyo katika hatua ya awali kabisa inaweza kuondolewa bila taarifa. Uzuri wa kanuni kama hiyo ni kwamba mteja anajua kiasi cha hatari anachokubali siku anayochagua cha kujengea, na ninyi hamhitaji kujadiliana upya kila mnapotaka kuondoa kitu.

Hata hivyo kanuni nzuri haitoshi ikiwa tangazo lenyewe limeandikwa vibaya, na Kubernetes haohao walilipata somo hilo. Desemba 2020, walipotoa toleo la 1.20, walieleza kwamba sehemu iitwayo dockershim, iliyowezesha mfumo wao kuendesha kontena, yaani programu zilizofungashwa pamoja na kila zinachohitaji, kwa kutumia zana iitwayo Docker, ingeondolewa baadaye. Wengi walielewa kwamba Docker yenyewe haitatumika tena na wakaingiwa na hofu, hata wahusika wakalazimika kuchapisha maelezo ya kuwatuliza: kontena walizozitengeneza kwa Docker zingeendelea kufanya kazi, kwa sababu zinafuata kiwango ambacho injini nyingine nazo zinakifuata. Sehemu hiyo iliondolewa Mei 2022 katika toleo la 1.24, kwa hiyo muda ulikuwepo wa kutosha. Kilichokosekana ni mpangilio wa habari, kwani msomaji aliambiwa kinachobadilika ndani ya mfumo kabla ya kuambiwa kama yeye ana kazi ya kufanya au hana.

Tangazo lenu basi lianze na nani anaguswa, na kama inawezekana limtaje mteja mmoja mmoja. Mna kumbukumbu za maombi yanayoingia kwenye seva. Mnajua ni funguo za wateja zipi bado zinaita toleo la kwanza, na mara ngapi kwa siku. Baruapepe inayosema "mfumo wako uliita njia hii wiki iliyopita, na haya ndiyo mabadiliko mawili unayopaswa kuyafanya" itasomwa, wakati tangazo la jumla kwa wateja wote litafutwa na wengi kabla hawajafika aya ya pili. Baada ya hapo aelezwe afanye nini, mpaka lini, na kitakachotokea asipofanya. Sababu zenu za kibiashara zije mwisho, kwa ufupi na kwa ukweli.

Watakuwepo ambao hawatasoma chochote, kwa sababu aliyeandika programu aliondoka kazini na anwani mliyonayo ni yake. Kwa hao nawashauri muige kilichofanywa na GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, ilipoacha kupokea nenosiri katika kazi za Git, zana ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo. Ilitangaza mwaka 2020 kwamba mwisho ni tarehe 13 Agosti 2021, halafu tarehe 30 Juni na 28 Julai 2021 ikazima kwa makusudi njia ya nenosiri kwa saa chache, kisha ikairudisha. Aliyekuwa hajui alijua siku hiyo, akiwa bado na muda wa kurekebisha. Katika mfumo wa malipo sharti mchague saa zenye shughuli chache na mtangaze saa hizo mapema, na kamwe msifanye jaribio hilo mwisho wa mwezi ambapo mishahara na ada za shule zinapita. Ipo pia njia ya kimyakimya inayofanya kazi muda wote: waraka wa kiufundi wa RFC 8594 wa mwaka 2019 unaeleza kichwa cha HTTP, yaani mstari wa maelezo unaotangulia jibu la seva, kiitwacho Sunset, kinachobeba tarehe ya kuzimwa ndani ya kila jibu, ili programu ya mteja iweze kuisoma yenyewe na kumpigia kengele mwenye programu.

Sasa nirudi kwenye tarehe zilizowatia aibu. Gaweni mpango kwa kadiri ya hakika mliyo nayo. Kazi iliyokwisha kuandikwa na inayosubiri majaribio inaweza kupewa mwezi. Kazi iliyoanza ipewe robo ya mwaka, kama GitHub walivyofanya walipoweka mpango wao hadharani mwaka 2020, wakieleza waziwazi kwamba unaweza kubadilika. Jambo ambalo bado mnalichunguza lisipewe wakati wowote; semeni tatizo mnalotaka kulitatua, na muwaulize wateja linavyowasumbua, kwani hapo ndipo maoni yao bado yanaweza kubadilisha kitu. Tarehe kamili ya siku wekeni kwa kile mnachokiondoa tu. Ile mnaidhibiti ninyi, na ikibidi kuibadilisha isogezwe mbele, kamwe isirudishwe nyuma. Waandaaji wa lugha ya programu ya Python walifanya hivyo mwaka 2014, waliposogeza mwisho wa Python 2 kutoka 2015 hadi 2020, na 1 Januari 2020 ilipofika hawakuisogeza tena.

Hivyo vipengele vitatu vilivyochelewa msivifiche. Kwa kila kimoja semeni kimefikia wapi, nini kilichokikwamisha, na kama mmekiacha semeni mmekiacha. Msanidi aliyeambiwa kwamba kipengele hakitakuja anaweza kukiandika mwenyewe leo. Yule anayesubiri kitu mlichokwisha kukata tamaa nacho mnamwibia muda, na hilo halisameheki kwa urahisi.

Nitaongeza tahadhari moja ambayo hukuuliza. Msitangaze toleo jipya kwa shangwe kabla hamjajua mteja atahamaje kutoka la zamani. Oktoba 2014, katika mkutano wa wasanidi uliofanyika Paris, kikundi cha Google kinachotengeneza Angular, zana ya kujengea programu za wavuti, kilionyesha toleo la 2 lililokuwa tofauti mno na la kwanza, na njia ya kuhamia haikuwa imeelezwa. Toleo hilo lilikamilika Septemba 2016. Katika kipindi hicho chote, aliyetaka kuanza mradi mpya alikuwa na machaguo mawili yasiyopendeza: kujengea toleo lililokwisha kutangaziwa mrithi, au kusubiri lisilokuwepo.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi niko upande wa pili. Ni msanidi programu wa Nairobi na kazi yangu yote inategemea API ya kampuni ya ng'ambo. Wanatoa mipango mizuri kila mwaka. Nitajuaje kama ni ya kuaminika?

JIBU: Marahaba. Usianze na mpango wa mwaka huu. Anza na wa mwaka juzi. Chukua nakala yake, uuweke kando ya orodha ya mabadiliko yaliyotolewa kweli, uone walichotimiza na walivyoeleza walichokiacha. Kampuni iliyochelewa na ikasema imechelewa ni afadhali kwako kuliko ile ambayo mistari ya mpango wake hupotea usiku bila neno.

Kisha uliza kuhusu bei, kwa sababu wasimamizi wengi wa bidhaa huiona kama jambo la idara nyingine na hawaiingizi katika mpango. Aprili 2023 Reddit ilitangaza kwamba ingeanza kutoza matumizi makubwa ya API yake. Kiasi chenyewe, dola 0.24 kwa kila maombi 1,000, wasanidi walikipata mwishoni mwa Mei, na malipo yalikuwa yaanze tarehe 1 Julai. Msanidi wa Apollo, programu iliyopendwa sana ya kusomea Reddit, alipiga hesabu akaona angedaiwa takriban dola milioni 20 kwa mwaka, na akaifunga programu yake tarehe 30 Juni. Mwezi mmoja hautoshi hata kurejesha fedha za watu waliolipia usajili wa mwaka. Kwa hiyo waandikie kampuni yako, uwaulize wanatoa taarifa ya muda gani kabla ya kupandisha bei, na uombe jibu hilo liwe ndani ya mkataba. Wakati ukisubiri jibu, hakikisha miito yote ya API yao inapita sehemu moja tu ya msimbo wako, ili siku ya kuhama ubadilishe faili chache badala ya programu nzima.

SWALI: Katika kampuni yetu watu wa mauzo huwaonyesha wateja wakubwa mpango wetu wa ndani, tena huandika katika mkataba kwamba kipengele fulani kitatolewa kabla ya mwezi fulani. Mimi kama msimamizi wa bidhaa nalalamika, naambiwa navuruga biashara. Nifanye nini?

JIBU: Mwone mhasibu wenu kabla ya kumwona mkuu wa mauzo. Kwa kiwango cha uhasibu cha IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 2018 na ambacho makampuni mengi ya Kenya na Tanzania yanakifuata, ahadi ya kipengele mahususi kitakachotolewa baadaye inaweza kuhesabiwa kuwa wajibu wa pekee ndani ya mkataba. Ikiwa hivyo, sehemu ya fedha alizolipa mteja haiwezi kuandikwa kuwa mapato mpaka kipengele hicho kitolewe. Yaani mauzo mnayoshangilia robo hii huenda yasionekane yote katika hesabu za robo hii. Hoja hiyo ina nguvu mezani kuliko malalamiko ya idara yako, nayo ni ya kweli.

Baada ya hapo wape watu wa mauzo kitu cha kuonyesha, kwa sababu wanaonyesha mpango wa ndani pale wasipokuwa na mwingine. Andaa mpango wa nje, uliogawanywa kwa kadiri ya hakika kama nilivyomweleza msomaji wa kwanza, wenye tarehe ya kuhaririwa na jina la idara iliyouidhinisha. Yule mteja mkubwa anayesisitiza tarehe mumkaribishe azungumze na mhandisi anayeiandika kazi hiyo, nawe ukiwepo. Mara nyingi itaonekana kwamba anachokihitaji ni kipande kidogo cha kipengele kile, ambacho kinaweza kutolewa mapema kama beta akakijaribu yeye wa kwanza. Mikataba iliyokwisha kusainiwa ikusanye yote, uitoe kila ahadi iliyomo, na uiweke katika mpango wa ndani juu ya kazi nyingine zote mpaka iishe.