Sahani ya Zambarau Niliyoambiwa Nitupe

Wiki jana mwanafunzi mmoja wa maabara, yuko atachimenti hapa Nairobi, aliniandikia: "Dada, sahani yangu ya kuotesha bakteria imeota vitu vya zambarau. Bosi anasema nimemwaga rangi ya Gram, nitupe. Nifanyeje?" Rangi ya Gram ni ile ya zambarau tunayopaka bakteria ili tuwaone kwenye darubini. Nilikuwa kwenye matatu, tumekwama Pangani. Tumbo lilinikaza.

Yalinipata hayo hayo. Nilikuwa nimeotesha bakteria wa maji ya kisima cha upande wa Dagoretti. Jumatatu asubuhi nikafungua inkubeta: katikati ya koloni nyeupe, yaani vishada vya bakteria, tano zilikuwa zambarau iliyokolea, zimevimba kidogo, zinang'aa kama wino mbichi. Nikaita wenzangu waje waone. Msimamizi akawatangulia. "Hata kushika chupa ya rangi hujui," akasema mbele yao wote, akaitumbukiza sahani kwenye ndoo ya jiki. Mimi, ambaye sikuwa nimegusa rangi yoyote tangu Ijumaa, nikasema pole. Ile pole inaniuma mpaka leo kuliko sahani yenyewe.

Nilikutana tena na bakteria huyo wa zambarau baadaye, nikiwa na kazi yangu: Chromobacterium violaceum, mkazi wa udongo na maji ya nchi za joto. Zambarau yake huitwa violasini. Huitengeneza kutokana na triptofani, moja ya vijenzi vya protini, na bila oksijeni haitoki. Tena hangoji kuamriwa. Bakteria hawa hupashana habari kwa kemikali, wakishakuwa wengi ndipo rangi inatoka.

Hapo ndipo nilipojivunia. Kwenye kipimo cha oksidesi, kimeng'enya kinachotusaidia kutambua bakteria, jibu chanya huonekana kwa zambarau. Sasa utasomaje zambarau juu ya zambarau? Wenzangu waliandika "chanya" wakaenda chai. Mimi niligoma. Nikaotesha upya bila hewa, koloni zikatoka bila rangi, nikapima: chanya. Ndiyo, walikuwa sahihi, lakini kwa kubahatisha!

Basi mdogo wangu, ushauri wangu ndio huu. Piga picha kabla hujamwita mtu. Andika tarehe na ulichokiona. Chukua koloni moja, ioteshe kwenye sahani mpya. Halafu andika tena. Na usidhani kila bakteria wa aina hii ana rangi, wapo weupe kabisa.

Vaa glavu, ukiwa na mkwaruzo ufunike. Ni nadra bakteria huyu amshike mtu, na mgonjwa wa kwanza aliyeandikwa alikuwa Malaysia mwaka 1927, lakini akipenya kwenye kidonda na kufika kwenye damu, huacha majipu kwenye ini na anaweza kuua kwa siku chache. Penisilini kwa kawaida haimwezi. Ndiyo maana nakasirika mtu akimwita "rangi iliyomwagika."

Vijana, mnasoma kwa shida, mnalipa karo kwa harambee, halafu mnakubali mtu ambaye hakuinama kwenye sahani awaambie mlichokiona! Heshimu mkubwa wako, sawa. Msalimie, mbebee sampuli. Lakini daftari ni lako. Andika.

Jana usiku yule mwanafunzi alinijibu: sahani ilishatupwa, ila nusu chupa ya yale maji iko kwenye friji. Nimemwambia aitoe leo leo aoteshe tena, maana huyu bakteria baridi haipendi.