Chanjo ya surua na hofu ya degedege: jibu kwa mama anayekesha akisoma

Dada, umeandika kwamba mwanao wa pili anatakiwa kuchanjwa surua wiki ijayo, kwamba wa kwanza aliwahi kupata degedege, na kwamba kila ukisoma ili utulie ndivyo unavyozidi kuchanganyikiwa. Ukauliza kama kuna aliyepita hapo. Nimepita. Nakueleza yangu yalivyokwenda, kupima utapima mwenyewe.

Mwanangu wa kwanza alishikwa na degedege akiwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Hakuwa amechanjwa siku za karibu, ilikuwa homa ya mafua tu. Macho yalipinduka, mwili ukakakamaa, kisha ukaanza kutikisika, na mimi nikaamini ananifia mikononi. Zilikuwa kama dakika mbili. Asiyewahi kuziona dakika hizo asikwambie unaogopa bure. Kwa hiyo zamu ya surua ya mdogo wake ilipofika, na nikasikia kwamba chanjo hiyo huweza kuleta homa, mwili wangu ulikataa kabla akili haijaulizwa.

Nikaanza kusoma usiku, simu mkononi, mtoto kifuani. Leo ushuhuda wa mama fulani, kesho makala ya daktari, keshokutwa klipu niliyotumiwa na shemeji yangu, halafu kijikaratasi cha dawa chenye orodha ya madhara isiyoisha. (Usimkasirikie anayekutumia klipu. Shemeji yangu anampenda mwanangu, na alituma kwa sababu hiyo.) Baada ya wiki mbili nilikuwa najua mengi na siwezi kuamua lolote. Nikaahirisha tarehe mara mbili. Kila nikiahirisha nililala vizuri usiku mmoja, hofu ikarudi kesho yake ikiwa vilevile, na mtoto bado hana kinga.

Kilichonifungua ni kugundua kwamba nilikuwa nasoma mambo kumi ilhali naogopa moja. Niliogopa kuziona tena dakika mbili zile, basi. Nikachukua kalamu nikaandika: mtoto ambaye ndugu yake alipata degedege, akichanjwa surua hatari yake ni kiasi gani, na asipochanjwa je? Swali kama hilo mtu aliyesomea kazi hiyo anaweza kulijibu. Swali nililokuwa nalo mwanzo, kama chanjo ni salama au si salama, kila mtu alinijibu kwa jinsi moyo wake ulivyo.

Muuguzi wa kwanza niliyempelekea karatasi yangu alinikatiza, akasema nisimletee maneno ya mitandaoni. Nikaondoka na mtoto hajachanjwa. Nakwambia hili kwa sababu huenda likakupata, na likikupata usilichukue kuwa ushahidi kwamba kuna kinachofichwa. Kulikuwa na foleni, alikuwa amechoka, na alikosea. Nilikwenda kwingine, nikaonana na daktari wa watoto aliyevuta kiti akakaa.

Hakunipunguzia wala kuniongezea. Alisema ni kweli: katika chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela, degedege la homa hutokea takriban mara 1 katika kila dozi 3,000 hadi 4,000. Kwa mtoto ambaye ndugu yake aliwahi kulipata, uwezekano huwa juu kidogo, ila bado ni mdogo. Kisha akanieleza jambo ambalo katika usomaji wangu wote sikulikuta: degedege la homa, pamoja na kutisha kwake, kwa kawaida hupita bila kuacha madhara kwenye ubongo, na huwapata watoto 2 hadi 5 katika kila 100 kwa homa yoyote ile, wawe wamechanjwa au la. Nilipomuuliza kama si bora nisubiri mtoto akue kidogo, alisema kusubiri mpaka katikati ya mwaka wa pili hakupunguzi hatari hiyo, kunaweza hata kuiongeza, maana huo ndio umri wenyewe wa degedege.

Upande wa pili wa swali langu sikuwa nimeupima kabisa. Nilikuwa nimeweka chanjo kwenye mizani, upande mwingine nikaweka hewa tupu, wakati mahali pake ni pa surua yenyewe. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka chumbani, na mgonjwa huambukiza siku 4 kabla upele haujajitokeza, yaani kabla mzazi hajajua. Surua nayo huleta homa kali, ambayo mara nyingi hupita nyuzi 39, kwa hiyo degedege nililokuwa nalikimbia lingeweza kunisubiri hukohuko. Huvimbisha ubongo kwa takriban mtoto 1 kati ya 1,000 wanaougua, na huua 1 hadi 3 kati ya 1,000 hata kwenye nchi zenye hospitali nzuri. Dozi mbili za chanjo huzuia surua kwa takriban asilimia 97.

Kuhusu habari zinazopingana, mimi niliacha kuhesabu nani wengi nikaanza kuuliza kila dai limetoka wapi. Hofu kwamba chanjo hii huleta usonji (autism) ilienea kutokana na makala ya daktari Mwingereza Andrew Wakefield ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12 tu. Jarida lililoichapisha, The Lancet, liliifuta mwaka 2010, na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza mwaka huohuo. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto 657,461, na waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa, hata waliokuwa na ndugu mwenye usonji. Ile orodha ndefu ya kijikaratasi nayo huchanganya mambo ambayo chanjo imethibitika kuyasababisha na mambo yaliyoripotiwa tu baada yake. Muulize daktari akutenganishie.

Lakini lililonituliza zaidi ni kisa cha chanjo iliyokuwa na kasoro kweli. Marekani iliidhinisha chanjo ya rotavirusi, virusi vinavyowaharisha watoto, iitwayo RotaShield mwaka 1998. Haukupita mwaka, zikaingia ripoti 15 za watoto ambao sehemu ya utumbo ilijikunja na kuingia ndani ya nyingine. Ripoti 15 tu. Chanjo ikasimamishwa Julai 1999, na baadaye ikaondolewa sokoni. Makadirio ya baadaye yalikuwa kama mtoto 1 katika 10,000. Mbili zilizoidhinishwa Marekani baada yake zilipitia kwanza majaribio ya watoto zaidi ya 60,000 kila moja. Nilikuwa nimeambiwa kwamba madhara hufichwa. Hapa niliona dhara la nadra likiwindwa mpaka likapatikana, na chanjo ya surua imetumika kwa miongo mingi chini ya macho hayohayo.

Tulichanja siku ileile niliyoonana na daktari. Nilitetemeka, sitasema sikutetemeka. Daktari aliniambia homa, ikija, huja kati ya siku ya 6 na ya 12, kwa watoto 5 hadi 15 katika kila 100, basi nikazitia alama kwenye kalenda, nikanunua kipimajoto, na baba yake akapanga kulala chumba kimoja nasi. Siku ya 9 ilipanda hadi 38.6, na vipele hafifu tumboni. Nilijua la kufanya degedege likija: nimlaze ubavu, nisimtie chochote mdomoni, nitazame saa, likipita dakika 5 niite msaada wa haraka. Halikuja. Siku ya 11 alikuwa anavuta nywele za kaka yake kama kawaida. Dozi ya pili alipata kwa wakati wake.

Wewe nenda na swali lako limeandikwa. Mweleze daktari degedege la mkubwa, na kama mdogo mwenyewe aliwahi kulipata. Mwambie pia kama ana mzio mkali wa dawa au chakula chochote, au tatizo la kinga ya mwili, kwa sababu wapo watoto wachache ambao kweli hawapaswi kupewa chanjo hii, na hao hujulikana kwa kuuliza hayo. Kama amelala na homa kali siku hiyo watakuambia umrudishe akipona, mafua madogo hayazuii. Na akikuambia usubiri, muulize sababu ni ipi na unasubiri hadi lini, akuandikie tarehe kwenye kadi ya kliniki kabla hujanyanyuka.